Familia ya Peugeot: walipokonywa kampuni yao au waliiokoa?

mpishi_Forodhani

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie na hili maana limenikaa kichwani wiki nzima. Mi ni mpishi kwenye hoteli moja hapa Unguja. Juzi tumeletewa vinu vipya vya pilipili manga, vile vya mbao unazungusha kichwa, nikakigeuza kimoja nakifuta vumbi nakuta chini kimeandikwa Peugeot na kisimba kidogo pembeni. Nikadhani wameazima jina tu. Kuulizia naambiwa hapana, ni ukoo uleule wa magari, na vinu walianza kutengeneza kabla hata gari halijawepo duniani.

Hilo likanirudisha nyumbani Moshi. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ya viti safu tatu, alikuwa anaing'oa viti vya nyuma anapakia unga wa mashine yetu ya kusaga anapeleka madukani, jioni anarudisha viti tunaenda nayo kanisani. Baba katuachia mashine mbili na kiwanja. Sasa hivi kuna jamaa wa Arusha anataka kuweka hela tununue mashine ya tatu na ya kufungasha unga kwenye paketi, ila anataka theluthi ya biashara. Kaka yangu mkubwa kasema mali ya baba haiingii mtu wa nje hata tufe njaa. Mtoto wa baba mdogo yeye anasema tukikataa miaka mitatu mbele tutakuwa hatuna cha kugawana. Hawasalimiani tangu Pasaka.

Nimesikia ukoo wa Peugeot nao walipitia kitu kama hiki, wakaingiza Wachina na serikali ya Ufaransa, kisha wakaungana na Fiat ya Italia, sasa kampuni inaitwa Stellantis wala si jina lao. Swali langu: walinyang'anywa au walijiokoa? Mwenye kuijua vizuri naomba aeleze taratibu, mi si mtu wa mahesabu.

FundiKeko

Mkuu umegusa gari langu. Nimeshika spana tangu nikiwa na miaka 15 na gari la kwanza kufundishwa ni 404 kisha 504, wazee walikuwa wanaita Pijo tu, ukisema Pijo mtu anajua ni gari la heshima, la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya.

Hao watu asili yao ni kama nyinyi kabisa, ni mashine ya kusaga nafaka! Mwaka 1810 ndugu wa ukoo huo walichukua kinu cha baba yao kule mashariki ya Ufaransa wakakigeuza kiwanda cha chuma. Wakatengeneza misumeno, na yule simba alikuja hapo, ni alama ya msumeno, meno makali kama ya simba na bapa linalopinda bila kukatika. Baadae vinu vya kahawa, vya pilipili 1874, baiskeli, halafu ndo Armand Peugeot akaingiza injini ya Daimler kwenye gari 1890. Na ujue hapohapo walishagombana, binamu yake hakutaka kutia pesa nyingi kwenye magari aliona ni wazimu, Armand akajitenga akafungua kampuni yake 1896, wakaja kuungana tena 1910. Kwa hiyo ugomvi wa kaka yako na huyo mdogo wenu si mgeni kwa ukoo ule hata kidogo.

Kwa ubora sina la kuwapinga. Safari Rally 404 ilishinda 1963, 66, 67 na 68, na ile ya 66 na 67 aliyeendesha ni Bert Shankland, alikuwa wa hapa Tanzania. 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Stesheni ya baba yako ukiilalia chini nyuma utakuta koili nne, mbili kila upande, ndo maana ilibeba magunia na kesho yake ikabeba mama mkwe bila kulalamika. Na propela shafti imefungwa ndani ya bomba, vumbi la Same halifiki. Sasa mimi ndo huwa najiuliza, watu wanaojua kutengeneza chuma hivi walifilisikaje? Mwenye majibu aje.

mwanaTanga68

Ngoja nijaribu mimi. Naishi Ufaransa upande wa Mulhouse, nafanya kazi ya uhasibu (si kwa hao jamaa), na Sochaux kwenye kiwanda chao cha tangu 1912 si mbali na mimi. Kuna makumbusho yao pale, nilienda na wanangu. Unaingia unategemea gari, unakutana na kabati la vinu vya kahawa, misumeno, na vyuma vyembamba vya kutanulia magauni ya akina mama wa zamani. Mwanangu akaniuliza baba magari yako wapi.

Fundi, hawakufilisika kwa sababu ya chuma. Walikaribia kufa kwa sababu ya karatasi, na mpishi hii ndo sehemu inayokuhusu.

Miaka ya 70 walikuwa na nguvu. Michelin wa matairi ndo alikuwa mwenye Citroën, Citroën ikawa inazama, Peugeot wakaanza kuinunua 1974 na 1976 ikawa kampuni moja, PSA. Hapo walifanya sawa. Kosa ni 1978, wakanunua na viwanda vya Chrysler vya Ulaya, wakafufua jina la Talbot, mzigo ukawaelemea mpaka wakala hasara miaka kadhaa mfululizo. Kilichowatoa ni kigari kidogo tu, 205 ya mwaka 1983, ile iliuzwa kama maandazi ya asubuhi.

Sasa kumbuka kitu kimoja: familia ilitoka kwenye hilo shimo ikiwa bado ndo bosi. Hilo liliwajengea imani kwamba tukishikilia tutapona. Na sheria iliwabeba, kwa sababu kwenye kampuni yao hisa ukikaa nayo miaka miwili kwa jina lako inapata kura mbili. Kwa hiyo mpaka 2013 familia ilikuwa na kama robo ya hisa (asilimia 25.4) lakini kura ni 38. Ukiwa na robo ya mali na kura 38 kwa mia, kitu unachokiogopa kuliko vyote ni kutoa hisa mpya, maana kila hisa mpya ikiuzwa kwa mtu mwingine na wewe huna hela ya kununua fungu lako, kura zako zinapungua. Wenzao wakawa wanaenda China na Marekani, wao wakabaki wanategemea Ufaransa, Hispania na Italia. China walikuwepo kupitia Dongfeng, kampuni ya magari ya Kichina, lakini kidogo ukilinganisha na Wajerumani.

Mtikisiko wa pesa wa 2008 ulipokuja, kisha madeni ya nchi za kusini mwa Ulaya, hizo nchi tatu ndo zikaacha kununua magari. Na 2012 wakaacha kupeleka vipuri Iran kwa sababu ya vikwazo, na Iran ndo walikuwa wanapeleka magari mengi kuliko nchi yoyote nje ya Ufaransa, wakiyatuma vipandevipande yanaungwa kulekule.

2012 pesa ilikuwa inavuja kama milioni 200 za yuro KILA MWEZI. Wakauza jengo lao la makao makuu Paris. Wakauza asilimia 75 ya Gefco, kampuni yao ya usafirishaji, kwa reli za Urusi. Hasara ya mwaka ule ikaandikwa yuro bilioni 5, japo sehemu kubwa ni thamani ya viwanda kushushwa kwenye vitabu si noti zilizotoka mfukoni, lakini ile iliyovuja kweli ilitosha kuua. Benki yao ya kukopesha wateja magari ikabidi serikali iidhamini kwa bilioni 7, la sivyo hakuna ambaye angekopeshwa gari.

Ukiona mtu anauza kitanda na kabati ili asiuze shamba, na shamba lenyewe hana mbegu ya kupanda, ndo picha yenyewe.

Ndo ikaja 2014. Dongfeng wakaweka yuro milioni 800, serikali ya Ufaransa milioni 800, hisa moja wakauziwa yuro 7.50, na familia ikashuka. Wote watatu wakawa na asilimia 14, sawa kwa sawa. Baada ya zaidi ya miaka mia moja familia haikuwa tena na neno la mwisho. Thierry Peugeot aliyekuwa mwenyekiti alipinga, alitaka wakatafute pesa sokoni bila kumpa mtu mmoja fungu kubwa. Binamu yake Robert, aliyekuwa anaongoza kampuni inayotunza hisa za familia, akasema hakuna njia nyingine. Robert akashinda, Thierry akatoka kwenye kiti.

Narudi jioni niendelee, niko kazini.

BintiThika

Naheshimu hesabu za mwanaTanga lakini naona mnaongea sana kuhusu familia na hisa, mbona hakuna ametaja wafanyakazi? Aulnay, pale nje ya Paris, kiwanda kilikuwa na watu kama elfu tatu, wengi ni wahamiaji ama watoto wa wahamiaji wa kutoka Afrika Kaskazini na Afrika Magharibi. Julai 2012 wakatangaziwa kinafungwa, na nafasi elfu nane za kazi zinaondoka kwa kampuni nzima. Watu waligoma miezi minne. Gari ya mwisho ikatoka hapo 2013. Hao hawakuulizwa kama wanataka mshirika Mchina ama hawataki. Nawaambia hivi kwa sababu baba yangu aliunganisha magari miaka mingi hapa Kenya na najua vile nyumba inakaa siku kiwanda kinaacha kuita watu, mama anaanza kupima unga na kikombe.

Hapa kwetu 504 iliendelea kuunganishwa mpaka 2004, Ufaransa walikuwa wameacha tangu 1983! Miaka ishirini na moja zaidi. Zile za safu tatu ndizo zilibeba watu Nairobi–Nakuru–Kisumu, abiria wanapanga foleni wakingoja ijae. Gari ilipendwa hivyo halafu soko likaachwa liende kwa Toyota za mtumba kutoka Japan. Walikuja kurudi Thika 2017 kuunganisha 508 na 3008, lakini nani ananunua mpya na bei hiyo? Kwangu mimi kosa la familia si kwamba walikataa mtu wa nje. Kosa ni kwamba walikuwa na watu wanaowapenda kutoka Kaduna kule Nigeria mpaka Nairobi na hawakutupatia gari la kufuata 504.

FundiKeko

Dada hapo umesema kweli tupu. 505 ilikuwa nzuri lakini baada ya hapo zikaanza kuja za kuvuta kwa mbele, nyepesi, za lami, na spea zikapanda. Mteja wangu mmoja aliuza 504 akanunua hiyo mpya, mwaka haukuisha akaja kuniuliza kama najua anayeuza 504.

mpishi_Forodhani

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nimeelewa kwamba 2014 walishuka wakawa sawa na wageni. Sasa swali la pili, ile asilimia 14 iliyobaki ilikuja kuwa na thamani gani? Maana kaka yangu hoja yake ni kwamba ukishampa mtu mlango atakula na sebule. Na hawa Stellantis ni nani hasa, na Fiat wameingiaje?

mwanaTanga68

Nimerudi. Kaka yako asilaumiwe, hofu yake ni ya kweli na kwa Peugeot sebule kweli iliguswa. Lakini angalia kilichofuata.

Mwezi wa tatu 2014 akaingia Carlos Tavares, Mreno aliyekuwa namba mbili pale Renault. Kitu cha kwanza akasema aina za magari ni nyingi mno, zipunguzwe kutoka 45 mpaka 26. Punguzo za kuvutia wateja akazibana. 2015 kampuni ikarudi kwenye faida. 2017 akanunua Opel ya Ujerumani na Vauxhall ya Uingereza kwa General Motors (GM) ya Marekani, na Opel kwa GM ilikuwa inakula hasara kila mwaka tangu 1999, lakini 2018 yeye akaipatia faida. Yaani kampuni iliyokuwa inauza jengo lake ili ilipe mishahara, baada ya miaka mitano inanunua ya Wajerumani.

Halafu Fiat. Huko nako ni familia, Agnelli, walioianzisha Torino 1899, sasa anayewaongoza ni John Elkann, mjukuu wa Gianni Agnelli. Fiat walikuwa na Chrysler na Jeep, Marekani wanapiga pesa, Ulaya wako hoi. Peugeot Ulaya wako vizuri, Marekani hawapo. Wakaungana Januari 2021, ndo ikaitwa Stellantis, chapa 14 ndani ya nyumba moja. Exor, kampuni ya Agnelli, ikawa na asilimia 14.4, familia ya Peugeot 7.2. Mwenyekiti ni Elkann, Robert Peugeot akawa makamu wake. Kwa hiyo ndiyo, fungu lilizidi kupungua: 25, kisha 14, kisha 7. Ila 2023 Stellantis ilipata faida ya yuro bilioni 18.6. Wewe nambie, robo ya kitu kinachovuja milioni 200 kwa mwezi na saba kwa mia ya hicho kingine, ungechagua kipi?

Na sitaki nikupambie. 2024 faida ilianguka mpaka bilioni 5.5, magari yalirundikana kwa wauzaji Marekani kwa sababu bei zilipandishwa kupita kiasi, wauzaji wakalalamika, vyama vya wafanyakazi wakalalamika, Tavares akaondoka tarehe 1 Desemba 2024. Nusu ya kwanza ya 2025 wakaandika hasara ya bilioni 2.3, na Antonio Filosa ndo akapewa usukani mwezi wa sita mwaka huohuo. Hapo ndo uchungu wa kuwa mdogo unaonekana. Zamani mambo yakiharibika wazee wa ukoo wanakutana wanaamua. Sasa wana kiti, wana sauti, lakini uamuzi wanaupata pamoja na wengine.

BintiThika nimekusikia kuhusu Aulnay na sikupingi. Ningeongeza tu kwamba kuchelewa kwa familia kuingiza mtaji ndo kulifanya kisu kiwe kirefu vile. Wangefungua mlango mapema wakiwa na nguvu, wangejadiliana wamekaa. Walifungua wakiwa wamepiga magoti.

Seif_Doha

Nipite kidogo. Msije mkadhani kila familia lazima ipungue. Huku Qatar mfuko wa serikali una asilimia 17 ya kura za Volkswagen lakini ukoo wa Porsche na Piëch wana zaidi ya nusu ya kura, na jimbo la Lower Saxony lina 20. Mgeni kaingia na pesa yake na mwenye nyumba kabaki mwenye nyumba. Na BMW ndo kisa kizuri zaidi, 1959 ilikuwa inauzwa kwa Daimler-Benz, mkutano wa wanahisa umeshaitwa, wanahisa wadogo wakagoma, Herbert Quandt, mwanahisa mkubwa, badala ya kuuza akaongeza pesa yake mwenyewe. Leo watoto wake wawili wana karibu nusu ya kampuni. Tofauti ni kwamba Quandt pesa alikuwa nayo. Kwa hiyo mpishi swali la kumuuliza kaka yako ni moja: yeye anayo ya kununua hiyo mashine ya tatu? Kama anayo aitoe, atakuwa Quandt. Kama hana, basi aseme hana.

mpishi_Forodhani

Hana. Na mimi sina. Hiyo ndo hali yenyewe, na nyumbani hakuna aliyewahi kuitamka.

Basi nitafanya hivi, Jumamosi ya wiki ijayo navuka na boti niende Moshi, nitaomba tukae wote watatu na mama. Sitawaambia habari za bilioni, nitawaeleza hiyo ya kura mbili kwa hisa moja, maana nimeona inaweza kutusaidia: yule wa Arusha apate theluthi ya faida lakini kwenye kura sisi tubaki na uzito. Mwanasheria wa hapa nitamuuliza kama kwetu inawezekana kuandikwa hivyo. Na kinu nimemuomba meneja aniuzie kimoja, nitakiweka mezani mbele ya kaka.

FundiKeko, 504 ya baba bado ipo, iko chini ya mparachichi tangu 2009, majani yamejaa juu. Kaka anataka kuiuza kwa wa vyuma chakavu. Inaweza kuamka kweli?

FundiKeko

USIIUZE. Sikiliza, usije ukaweka betri ukapiga stata siku hiyohiyo, utakwangua silinda. Toa plagi zote nne, mimina oili safi kijiko kimoja kimoja kwenye kila tundu, iache ilale usiku mzima, ikiwezekana mbili. Kisha tia spana kwenye boliti ya puli ya krenki uzungushe kwa mkono taratibu, ikigoma usilazimishe, ongeza oili ungoje. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, injini iko hai. Tangi la mafuta ulitoe lote ulioshe, petroli ya 2009 sasa hivi ni gundi. Breki usiziamini kabisa, mipira yote mpya.

Na kabla ya yote funua bati chini ya miguu ya dereva uangalie kutu, maana chini ya mti maji yanakaa. Piga picha ya hapo uniwekee hapa, nikiona bati ndo nitakwambia kama nije Moshi na kisanduku changu.